Programu ninazotumia kwa kazi za picha, vidio na kadi hapa Lamu, na vile nazipanga

Shoga yangu mmoja wa Shela kanipigia wiki ilopita, amenunua simu mpya yenye kamera nzuri, anataka aanze kupiga picha na kutengeneza kadi za harusi kwa pesa, basi nimwambie apakue programu gani. Nimemtumia sauti za WhatsApp kama kumi, zingine za dakika tano tano, mwisho nikaona bora niandike kabisa manake swali hili naulizwa kila siku na kila siku naanza upya. Mimi ni wa Langoni, sijaajiriwa, nafanya kazi zangu mwenyewe, nusu ni harusi na kupamba (ile sherehe ya kina mama ya kumuonesha bibi harusi) na nusu ni nyumba za wageni, mashua na maduka wanaotaka picha na vidio za kuweka mtandaoni. Na nilichojifunza ni kwamba programu ya kuediti ndo watu huiulizia kwanza ilhali kazi huharibikia mahali pengine kabisa, huharibika kwenye mapatano, kwenye maji ya bahari, kwenye pesa, na kwenye picha za mke wa mtu kufika kwa simu isiyostahili. Kwa hivyo ntaenda na njia ya kazi vile inavyokwenda, tangu mteja aulize bei.

Anza na WhatsApp Business, hata kabla ya kamera. Tia laini yake peke yake, usichanganye na ile ya nyumbani, la sivyo utakuja kumtumia mteja orodha ya samaki na mteja naye atakupigia usiku wa manane akidhani uko kazini. Mle ndani kuna vitu viwili vinanisaidia kila siku. Cha kwanza ni lebo, kila mtu namtilia rangi yake: ameuliza bei, ametoa arbuni, picha zaeditiwa, nadai. Asubuhi nikifungua tu ile lebo ya nadai najua leo nitamkumbusha nani. Cha pili ni majibu ya haraka, unaandika ujumbe mara moja unauhifadhi, baadae ukipiga mkwaju na neno moja unatoka wote. Wangu wa kupamba uko hivi:

"Waalaykumu salaam dada, ahsante kwa kunitafuta. Kupamba ni masaa manne, picha zilizoeditiwa hazipungui 150, utazipata ndani ya siku 14. Arbuni ni nusu, na tarehe haishikwi mpaka arbuni iingie. Picha zako sitaziweka popote bila ruhusa yako ya maandishi."

Ile sentensi ya mwisho ndo imeniletea kazi nyingi kuliko picha zenyewe, wallahi. Mama wa bibi harusi hapa kwetu haulizi una kamera gani, anauliza picha zitaonwa na nani. Hata kwenye katalogi yangu hakuna uso wa mtu hata mmoja, kuna mikono yenye hina, vikuba (vile vishada vya maua), asumini zimemwagwa kitandani, viti vya kupamba kabla watu hawajaingia, na kazi inaonekana vizuri tu.

Kisha mapatano. Kina mama wengi wanapenda kuongea kwa simu, sawa, ongea nao, lakini ukikata tu andika yote mliyokubaliana, siku, saa, bei, nani anapigwa na nani hapigwi, umtumie na usubiri akujibu "sawa mwanangu". Ile sawa yake ndo mkataba wako. Nyumba za wageni nazo naziandikia kwenye Google Docs, ukurasa mmoja tu, naigeuza PDF, nakuwa na nakala moja ya mfano ninayobadilisha jina na tarehe basi.

Tarehe nazitia kwenye Google Calendar na hapa kuna kitu watu hawakijui, ukienda kwenye mipangilio yake unaweza kuongeza kalenda ya Kiislamu ikawa inaonekana pembeni ya ile ya kawaida. Kwa Lamu hii si pambo. Ramadhani sina harusi hata moja, mfungo mosi zinaingia zote kwa pamoja, na mfungo sita mji unajaa wageni wa Maulidi, kwa hivyo nikiona kalenda zote mbili kwenye skrini moja najua mwezi gani nitafute kazi za hoteli na mwezi gani nisikubali kitu kingine. Lakini kumbuka mwezi wenyewe unaandama kwa kuonekana, kalenda ya simu inaweza kutofautiana siku moja, usichapishe kadi kwa kuitegemea hiyo peke yake.

Sasa nifike kwenye mwanga na maji, na hapa nitakaa kidogo manake mafunzo mengi ya mtandaoni yametengenezwa na watu wa Ulaya na huku kwetu hayaingii vizuri. Wao wanasema piga ile saa ya dhahabu jioni, wao wana muda mrefu jua likishuka polepole. Sisi tuko karibu na mstari wa ikweta, nyuzi mbili na kidogo tu kusini, jua linashuka wima kama limeangushwa, ule mwanga mzuri wa jioni ukitafuta lenzi kwenye mkoba ushapita. Programu inayonisaidia zaidi hapa ni ile ya nyakati za swala ambayo kila mtu anayo tayari. Magharibi ndo jua kuzama, na kwetu mwaka mzima inacheza kati ya saa kumi na mbili na dakika chache na saa kumi na mbili na dakika arobaini hivi, kwa hivyo naangalia magharibi ya siku ile narudi nyuma dakika arobaini, mteja awe ashasimama pale tunapopigia, si yuko njiani anakuja. Ukitaka kujua jua litatokea upande gani hasa tumia Sun Surveyor au PhotoPills, unaweka mahali na tarehe inakuchorea njia ya jua. Forodhani kwetu, pale mbele ya mji, kunatazama kisiwa cha Manda, yaani mashariki, jua la asubuhi linapiga nyuso za nyumba zote za mbele na jioni linazama nyuma ya mji, kwa hivyo hoteli ya mbele ukienda kuipiga jioni utapata kivuli tu na bahari yenye mwanga nyuma yako. Nenda alfajiri. Na vichochoro vya ndani, usidanganywe na mtu, saa zake ni kati ya saa tano na saa saba mchana, wakati jua liko kichwani linaingia kwa juu na kuta nyeupe zinaligawa likawa laini kabisa, mlango wa kuchonga unaonekana kila ua lake.

Maji nayo. Natumia Windy kuangalia upepo, na maji kujaa na kupwa pia imo mle ukigusa mahali baharini. Wakati wa upepo wa kusi nje ya mlango wa Shela bahari inachafuka, bibi harusi na shela lake hutampandisha mashua hata kama amekuomba vipi, ingia nae upande wa ndani ambako kisiwa kinakinga. Lakini programu bila nahodha ni nusu. Mara moja nilikuwa na wageni wanataka picha za magofu ya Takwa kule Manda, na Takwa unaingia kwa mkondo wa mikoko ambao mashua haipiti isipokuwa maji yamejaa. Nikaangalia simu nikaona asubuhi mapema maji yapo, tukaenda, nikazama kwenye ule msikiti wenye nguzo juu ya kibla, mwanga umekuwa mtamu, kuja kutoka saa nne mashua imekaa kwenye tope kama imejengewa pale. Ilikuwa bamvua. Nahodha, mzee wa makamo, kaniangalia akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, yeo mwezi wa ngapi?", yaani leo ni siku ya ngapi tangu mwezi kuandama. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hukupwa sana ile asubuhi katikati, na sisi tumekaa na wageni juani mpaka yakarudi. Tangu siku ile nikishaangalia Windy nampigia nahodha kwanza ndo namjibu mteja saa ya kutoka.

Haya, kuediti. Kama una simu tu na huna pesa ya kulipia kitu anza na Snapseed, ni ya Google, haina matangazo, haitaki akaunti, na inafanya kazi bila mtandao kabisa, kwa hivyo hata ukiwa Kiwayuu unaediti. Mimi nikiwa na picha nyingi za sherehe moja nahamia Lightroom ya simu, ile ya bure, manake naediti picha moja vizuri, nanakili ule mpangilio naubandika kwenye zile zingine za mwanga ule ule. Nikuoneshe picha moja nafanya nini. Bibi harusi amekaa kwenye kiti, nyuma taa za rangi ya zambarau, uso umekuwa wa buluu. Kwanza narekebisha joto la rangi mpaka ile nyeupe ya macho na ya asumini iwe nyeupe kweli, sio uso, uso unadanganya kwa vile una poda. Pili nashusha kidogo sehemu zenye mwanga mkali ili dhahabu za shingoni zionekane nakshi zake, zisiwe bonge moja la njano. Tatu ndo nainua vivuli kidogo, sana sana kwenye hina, na hapo nasimama. Siwalainishi watu ngozi na siwafanyi weupe. Niliwahi kuombwa na nikakataa, nikamtumia dada yule picha mbili, yake halisi na ile niliyoifanya nyeupe, nikamuomba azitazame asubuhi akiwa ametulia, na akachagua yake. Mtu atatazama picha ile miaka thelathini, ajione yeye.

Ukitumiwa faili la Photoshop na huna Photoshop, fungua Photopea kwenye kivinjari cha kompyuta, inafungua faili za PSD na faili lako halipandishwi kwa mtu, linabaki kwenye mashine yako mwenyewe.

Vidio: CapCut ni rahisi na kila mtu anaijua, ila vitu vingi sa hii vimekuwa vya kulipia na utagundua mwisho wakati unataka kutoa vidio, kwa hivyo angalia alama ya Pro kabla hujakitumia. VN nayo inatosha kabisa kwa vidio za sekunde thelathini za hoteli na haikutilii nembo yake. Ukipata laptopu yenye nguvu ingia DaVinci Resolve, ile ya bure ina mambo mengi mno kwa kazi zetu. Muziki kuwa makini, taarabu ya mtu ukiitia kwenye vidio ya biashara Instagram inaweza kuizima sauti na mteja anakugeukia wewe. Mimi narekodi sauti zangu mwenyewe na ile programu ya kurekodi ya simu, maji yakigonga ubavu wa mashua, tanga likipandishwa, punda, chungu cha mahamri kinachacharika, nazihifadhi kwenye folda moja. Mteja mmoja aliniambia wageni wake wanaisikiliza ile vidio zaidi ya kuitazama.

Kadi natumia Canva, ya bure inatosha kuanzia. Ukitoa ya kupeleka kwa mchapaji chagua PDF ya kuchapa na utie ile nafasi ya kukatia pembeni, usipeleke picha ya JPG iliyopita WhatsApp, herufi zitatoka na manyoya. Rangi ya dhahabu inayong'aa kwenye simu ikichapwa kwa wino wa kawaida inakuwa haradali, mwambie mteja mapema au umtolee kipande kimoja cha majaribio akishike mkononi. Maandishi ya Kiarabu yasome tena baada ya kuyabandika, wakati mwingine herufi zinaachana au zinageuka upande, mtafute mtu anayesoma vizuri aitazame Bismillahi kabla hujatoa. Nembo usizitengeneze kwa michoro ya Canva, ile michoro kila mtu anaipata na mteja hawezi kuisajili iwe yake, chora mwenyewe kwa Inkscape, ni ya bure na nembo haipasuki hata ikiwekwa kwenye tanga.

Na siku. Hili limeniuma mpaka leo. Mzee mmoja aliniambia akdi, yaani kufunga ndoa, ni usiku wa Ijumaa, nikaandika Ijumaa usiku na tarehe ya Ijumaa, kadi 200 zikachapwa. Kwetu usiku unatangulia mchana wake, usiku wa Ijumaa ni Alhamisi baada ya magharibi, na mimi najua hivyo tangu utotoni lakini ile programu imeniwekea sanduku la kuchagua tarehe nikachagua bila kufikiri. Nilizichapa tena kwa pesa yangu. Sasa kila kadi namtumia mama na baba wote wawili, naandika tarehe, siku, na saa kwa maneno kamili, "Alhamisi jioni, usiku wa kuamkia Ijumaa", na sitoi mpaka wote wawili wajibu.

Kupeleka kazi. WhatsApp inabana picha, kwa hivyo tuma kama dokumenti, pale kwenye alama ya klipu, itafika vile vile ulivyoitoa, na faili moja linaweza kuwa hadi GB 2. Kazi kubwa naweka Google Drive, lakini sikiliza, usimwachie ile ya yeyote mwenye linki, hiyo linki ikitumwa kwenye kikundi kimoja cha familia imekwisha habari yake. Mpe ruhusa kwa barua pepe yake peke yake. Mteja akiwa yuko karibu yangu tunatumia Quick Share, simu kwa simu, haili bando hata kidogo. Na mteja akiwa Faza au Siyu ambako mtandao unasumbua natia kwenye flashi naipeleka na mashua, ila kwanza nazifunga picha zote ndani ya faili moja lenye nywila kwa ZArchiver, halafu nywila namwambia bibi harusi mwenyewe kwa simu. Anayeibeba flashi habebi siri.

Pesa sasa. Fungua Pochi la Biashara au Till ya M-Pesa, pesa ya kazi isichanganyike na ya sokoni, na mwisho wa mwezi unatoa taarifa yako kwa PDF kwenye programu ya M-PESA unaona wazi umeingiza ngapi. Mteja wa nje anaweza kukutumia kwa Wise ikaingia M-Pesa moja kwa moja, na PayPal pia unaweza kuitoa kwenda M-Pesa tangu 2018 japo makato yake na bei yake ya kubadilisha dola ni ya kuumiza, itie kwenye bei yako tangu mwanzo. Ukitaka kulipia programu ya ng'ambo na huna kadi ya benki kuna M-PESA GlobalPay, inakupa kadi ya Visa ya kwenye simu.

Picha kamili hazitoki kabla ya pesa kamili. Nyumba moja ya wageni niliwapelekea kila kitu siku ya tatu kwa vile waliniambia wana haraka ya msimu, wakazitumia msimu mzima, na salio langu nimelifuata miezi saba kwa miguu. Sasa hivi natuma kwanza ndogo ndogo, zimepunguzwa na jina langu limepita katikati, wachague wanazozitaka, na siku salio likiingia jioni yake zinaondoka kubwa. Hoteli zilizojipanga zitakuuliza ankara ya eTIMS, ile ya kielektroniki ya KRA, watu wa kodi, tangu Januari 2024 KRA haikubali gharama zao bila hiyo, kwa hivyo jisajili mapema usije ukakosa kazi kwa karatasi. Wakikukata ile 5% ya kodi ya zuio waombe cheti chake, ni pesa yako iliyotangulia kulipwa, utaidai ukijaza ripoti ya mwaka.

Kuhifadhi. Google inakupa GB 15 za bure lakini ndani yake zinagawana Gmail, Drive na Google Photos, na tangu Juni 2021 picha zote zinahesabiwa mle, kwa hivyo harusi mbili tu imejaa. Mimi kila usiku nikirudi kazini, hata kama macho yanafunga, nakopi memori kadi kwenye diski mbili za nje, na kadi siifuti mpaka mteja apokee. Diski moja iko kwangu na ya pili iko kwa mamangu nyumba nyingine kabisa, kwenye kopo lisilopitisha hewa na vile vifuko vya kukausha unyevu, manake hewa yetu ya chumvi inakula vyuma. Na zima ile ya simu kupandisha picha zenyewe kwenye akaunti, hasa kama mume au watoto wanaitumia akaunti ile ile.

Mwaka jana alinijia dada mmoja niliyempigia kupamba kwake kitambo, simu yake imetumbukia jetini Mokowe na ndani mlikuwa na picha ya mwisho ya nyanyake akimtia asumini kichwani. Nimekwenda kwa mamangu nimeichomeka ile diski. Zilikuwemo zote, folda imeandikwa jina lake na tarehe, na ya nyanya ilikuwa namba 0412.